Karai la Maji

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
baiskeli ikiletwa nausikia ugonjwa kabla haijaegeshwa:
mnyororo mkavu, golori zimekwisha, spoki moja imelegea.
Miaka kumi na tisa na spana mkononi.
Wateja hawanielezi, husema tu, "Fundi, inanisumbua,"
nami huwaitikia, "Iache hapo."

Lakini Mbaruku, wa miaka mitatu na nusu,
aliposema, "Tumbo linauma,"
nilikwenda duka la dawa.
Mara ya pili nikaenda tena.
Liliuma mama yake alipovaa sare ya zamu ya usiku,
liliuma lori la katani lilipopita likinguruma,
liliuma Hemedi wa jirani aliponunuliwa viatu vya taa.
Siku moja liliuma kwa sababu sherehe ilikuwa nzuri mno
na watu wakaanza kwenda kwao.

Dawa ya minyoo ilipokwisha nikaitwa chekechea, Mabawa,
nikakalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni.
Mwalimu Ruzuna hakuzunguka mbuyu:
"Tumbo lake zima. Jana kamng'ata mwenzake begani.
Alitafuta neno, hakulipata,
akatumia meno."

Nikanyamaza.
Na neno la kwetu lilikuwa hilohilo, nyamaza.
Ukilia, nyamaza. Ukicheka sana, nyamaza, utalia.
Nimekua nalo kama spana moja ya kufungulia nati zote;
sihesabu nati zilizolika.

Jioni ile alirudi amefura kama andazi.
"Tumbo," akasema.
Nilikuwa na tyubu karaini, nikamwita aone.
Tyubu haisemi imetoboka wapi.
Unaijaza upepo, unaizamisha,
unaizungusha polepole, huikamii,
mpaka mapovu yenyewe yatoe siri.
"Nikuzungushe na wewe?"
Akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

"Ni hasira?"
Hapana.
"Ni woga?"
Akafikiri. Hapana.
"Mama kaondoka umelala, hukumuaga.
Kifua kizito, macho yanawasha,
unamtaka hapa, na hapa hayupo.
Hiyo inaitwa huzuni."
Kimya.
Halafu povu moja,
la puani, kweli kabisa,
na machozi nyuma yake.
"Zuni," akasema,
akalirudia kama mtu anayeonja ukwaju.
"Nina zuni ya mama."

Sikusema nyamaza.
Sikujua la kusema, basi nikamkumbatia
na grisi yangu yote.
Asubuhi Mwanasiti akaliona shati la shule,
na Mbaruku akamkodolea macho, akamtangazia:
"Mama, hiyo hasira."
Ilikuwa hasira. Ikafia kwenye kicheko.

Si kwamba mambo yamenyooka.
Juzi kampiga Hemedi na kopo kichwani,
akaja mbio kuniarifu, "Nina wivu!"
kana kwamba jina ni risiti.
Nikamwambia, wivu ruksa, kopo marufuku.
Hapo bado tunajadiliana.

Jana ikaingia simu kutoka Korogwe.
Kaka yangu Mhina, sukari, mguu wa kushoto;
madaktari wameamua.
Nikasema ndiyo, nikasema Inshallah,
nikaiweka simu juu ya tandiko
nikaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazika.

Nikasikia kitu kinaburuzwa.
Mbaruku, na karai, maji nusu yamemwagika njiani,
akalisukuma mpaka miguuni pangu.
"Baba, jina lake nani?"

Nikatafuta. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu,
nikatafuta.
"Tumbo," nikasema, "tumbo linaniuma."

Akanitazama kama nimtazamavyo mteja anayeficha kuwa alianguka.
Akavuta tairi kuukuu, akaketi,
akaanza mwanzo, polepole:
"Ni hasira?"